Kitako cha Kopo

Butoyi, pacha wangu uliyenifuata kwa dakika kumi na moja,
weka simu, kaa.
Jana umerudi kutoka Mwanga saa tisa za usiku
ukinuka soda na moshi wa sigara za wengine,
ukaniamsha: "Nyekundu imetoka mara sita, Bukuru!
Ya saba ilikuwa lazima iwe nyeusi. Ilikuwa inadaiwa."

Inadaiwa na nani?
Gololi haina daftari la madeni kama Mama Ntakije wa dukani.
Haikumbuki ilikolala mzunguko uliopita.
Haijui kuwa umeuza wavu.

Mbalamwezi imezima karabai za ziwani,
Kibirizi yote inapiga miayo, muda tunao.
Tazama mkeka huu, usio na timu wala dakika ya tisini.
Nahesabu dagaa: thelathini na saba.
Kumi na nane nawagusisha mawese, hao wekundu.
Kumi na nane nawapaka masizi ya sufuria.
Huyu aliyebaki namfunika jani la kisamvu.
Huyo ndiye sifuri. Mtazame vizuri,
ni yeye peke yake hapa anayelipwa mshahara.

Sasa weka elfu juu ya kila samaki.
Elfu thelathini na saba, zote mezani.
Mmoja wako atashinda, hilo halina ubishi:
watakupa thelathini na tano, na elfu yake irudi,
utaruka, utamkumbatia mlinzi,
na mkononi una thelathini na sita.

Elfu moja imekwenda wapi?

"Mimi sichezi namba, nacheza rangi."
Haya, rangi. Mizunguko thelathini na saba, elfu kila mmoja.
Bahati ikikaa katikati, isimpendelee mtu,
yako itakuja mara kumi na nane, elfu mbili mbili.
Piga. Thelathini na sita.
"Basi dazeni."
Mara kumi na mbili, elfu tatu tatu.
Piga mwenyewe, kwa kidole, hapo mchangani.

Eeh.
Milango mitatu, ushuru mmoja.

Sisemi hushindi. Ulikuja na laki mbili mwezi wa Ramadhani,
ukamnunulia mama kitenge, na mpaka leo anakivaa.
Lakini nyumba haishindani nawe kwa usiku mmoja.
Nyumba inakaa. Inalipa umeme, inakuletea soda ya bure,
na katika kila elfu inayopita juu ya meza
inakwangua shilingi ishirini na saba,
pesa isiyonunua hata pipi.
Ungeiona ingekuwa kubwa.

Haya sikuyasoma popote, shule tuliiacha pamoja.
Nayajua kwa sababu ya kopo.
Hili hapa. Uliligonga wewe, kwa jiwe, umesahau?
Mwaka ule baba alipolazwa Maweni,
kitako kikaingia ndani upana wa kidole,
na tangu siku hiyo wateja wa Kasulu wanabeba
kopo lililofurika juu, lililopungua chini.
Hajalalamika hata mmoja.
Wanaona kilima cha dagaa, wanashukuru,
wanaomba nyongeza,
nami nawapa nyongeza: dagaa watatu, wanne, kwa tabasamu.

Umenyamaza.
Umemchukua yule wa jani, unamtafuna, kichwa kwanza.
"Sawa, Bukuru," unasema na mfupa mdomoni.
"Mimi nikiacha kwenda Mwanga,
wewe utaligonga hilo kopo kutokea ndani?"

Mama mwenye kikapu amesimama juani mbele yetu.
"Kopo shilingi ngapi?"

Nampimia.
Nalijaza mpaka linamwagika.